Gari Lenye Tabo Linapoishiwa Nguvu Ghafla: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo

Aliyewahi kusafiri kutoka Kampala kwenda Jinja anaijua sehemu ya Lugazi ambapo malori ya miwa huingia barabarani yakiwa yamesheheni, na magari madogo hujipanga nyuma yake, kila dereva akisubiri nafasi ya kupita. Hapo ndipo gari lenye tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, huonyesha thamani yake, na hapo ndipo linapoweza kumwaibisha mwenyewe: dereva anachomoka upande, anakanyaga mafuta hadi chini, na gari ambalo asubuhi lilikuwa jepesi linajikokota kana kwamba limefungwa kamba nyuma. Injini inaunguruma, hakuna kilichovunjika kinachoonekana, lakini nguvu haipo.

Mwongozo huu ni wa siku hiyo. Msimamo wangu ni kwamba tabo yenyewe ishukiwe mwisho, kwa sababu vitu vingi vinavyoizuia kufanya kazi ni vya bei ndogo na viko nje yake. Nasema hivi nikiwa nimeumwa na nyoka huyo. Gari langu la dizeli liliwahi kupoteza nguvu ghafla, nikaambiwa tabo imekufa na nitafute nyingine, na nilikuwa nimekwisha kuanza kuhesabu fedha wakati kijana aliyekuwa akifagia gereji alipoinama na kuona mpira wa kupitishia hewa umepasuka upande wa chini, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amepeleka tochi. Tabo ileile iliendelea kufanya kazi kwa miaka.

Nini hasa kinachopotea

Injini ya kawaida hufyonza hewa kwa kushuka kwa pistoni peke yake. Tabo huongeza hewa hiyo kwa kutumia moshi unaotoka: gurudumu moja huzungushwa na moshi, na la pili, lililo kwenye mhimili uleule, husukuma hewa safi kuelekea kwenye silinda. Mhimili huo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Hewa inayosukumwa hupata joto, kwa hiyo hupitishwa kwanza kwenye intakula, yaani ile rejeta ya kupoza hewa, ndipo iingie ndani ya injini.

Kwetu Uganda jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya mwinuko wa nchi. Mombasa, usawa wa bahari, presha ya hewa ni kama kPa (kilopaskali, kipimo cha presha) 101. Kampala, kwenye mita 1,200 hivi, hushuka hadi karibu kPa 88, na Kabale, kwenye mita 2,000 hivi, hubaki kama kPa 80 tu. Tabo ndiyo inayoficha upungufu huo. Inapoacha kusukuma, dereva hupoteza nyongeza ya tabo na papo hapo hukabiliwa na wepesi wa hewa ya milimani. Tena injini nyingi za petroli zenye tabo zimeundwa kwa mgandamizo mdogo ndani ya silinda, hivyo bila tabo huwa dhaifu kuliko injini ya kawaida ya ukubwa huohuo. Ndiyo maana hitilafu ileile inayovumilika Entebbe inaweza kulisimamisha gari kabisa kwenye vilima vya kuelekea Katuna.

Dakika za kwanza barabarani

Rudi upande wako, washa taa za tahadhari, na utafute mahali salama pa kusimama. Kabla hujazima injini, tazama dashibodi. Ikiwa taa nyekundu ya oili imewaka, zima mara moja na usiwashe tena, kwa kuwa tabo huharibika kwa sekunde chache ikikosa oili. Ikiwa ni taa ya njano ya injini peke yake, una muda wa kufikiri.

Jaribu kukumbuka sauti uliyosikia wakati nguvu ilipopotea, kwa sababu kumbukumbu hiyo ni nusu ya kazi. Mlio wa ghafla kama wa puto kupasuka, ukifuatwa na mfululizo wa "ssss" kila unapokanyaga mafuta, ni mpira wa hewa uliochomoka au kupasuka. Mlio mwembamba kama king'ora unaopanda na kushuka pamoja na injini ni dalili ya gurudumu la tabo linalogusa kuta zake. Na kama hakukuwa na sauti yoyote, nguvu ilikatika tu kama mtu aliyezima swichi, basi yaelekea ni kompyuta ya injini iliyoamua kupunguza mafuta baada ya kuona kipimo kisichoeleweka. Hiyo huitwa hali ya kujilinda, na katika magari mengi injini hukataa kupita mizunguko 3,000 hivi kwa dakika.

Kuna jaribio dogo linalogharimu nusu dakika. Zima injini, toa ufunguo, subiri kidogo, kisha washa upya. Nguvu ikirudi na kupotea tena kwenye mlima unaofuata, ni kompyuta inayojilinda, na chanzo ni kitu kinachokwama na kukwamuka. Nguvu isiporudi kabisa, tafuta kitu kilichopasuka, kilichoziba au kilichokatika. Usiondoe waya wa betri kwa ajili ya jaribio hili, kwa sababu utafuta kumbukumbu za hitilafu ambazo utazihitaji baadaye.

Kwa injini ya dizeli kuna hatari moja ambayo kila dereva anapaswa kuijua. Kizuizi cha oili ndani ya tabo kikivunjika, injini inaweza kuanza kunywa oili yake yenyewe kama mafuta, ikapanda mizunguko bila kuguswa huku ikitoa wingu la moshi, na isizimike hata ufunguo ukitolewa. Katika gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, ingiza gia ya juu kabisa, na uachie klachi ili injini izimike kwa kulemewa. Kama hilo haliwezekani, wateremshe abiria wote na wasogee mbali. Anayethubutu kuziba mdomo wa kuingizia hewa atumie ubao mgumu, kamwe asitumie mkono wala kitambaa.

Hakikisha ni injini

Hatua hii ni fupi, lakini ikirukwa huleta aibu. Ukikanyaga mafuta mizunguko ikapanda na mwendo usipande, ni klachi inayoteleza au gia za otomatiki zenye hitilafu. Ukiona gari halitaki kuserereka kwenye mteremko na rimu moja ina joto kali kuliko nyingine, ni breki iliyoshika. Angalia pia zulia la miguuni, kwa maana nimeona zulia nene, lililonunuliwa kwa ajili ya urembo, likizuia kanyagio la mafuta lisifike chini.

Moshi kama shahidi

Mwombe mtu asimame nyuma na pembeni ya gari wakati unaendesha kupanda mlima, au uutazame moshi wewe mwenyewe kwenye kioo. Katika dizeli kanuni ni rahisi na haijanidanganya mara nyingi. Gari likiwa dhaifu huku likitoa moshi mweusi mwingi, mafuta yapo na hewa haitoshi, kwa hiyo shughulikia njia ya hewa. Gari likiwa dhaifu bila moshi wowote, ama mafuta hayafiki ama kompyuta imeyapunguza, kwa hiyo shughulikia mafuta na sensa (vipimaji vinavyoipa kompyuta habari). Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito wenye harufu ya dizeli ni mafuta ambayo hayakuungua. Mweupe wenye harufu tamu, huku maji ya rejeta yakipungua, ni maji yanayoingia kwenye silinda, na hilo si suala la tabo tena.

Petroli haizungumzi waziwazi hivyo. Humo sikiliza zaidi mtikisiko: injini inayokatakata inapopewa mzigo, lakini iliyo tulivu ikiwa imesimama, mara nyingi ina plagi zilizochoka au koili inayovuja umeme. Hewa iliyosongamana ndani ya silinda hufanya cheche ipate shida kuruka, kwa hiyo plagi inayofaa katika gari la kawaida inaweza kushindwa kwenye tabo. Injini nyingi za aina hii hutaka nafasi ya plagi ya milimita 0.7 hadi 0.8 hivi.

Soma namba, usiishie kwenye msimbo

Mashine ndogo ya kusomea kompyuta ya gari, ile inayounganishwa na simu, si ghali siku hizi, na kila mwenye gari lenye tabo anafaa kuwa nayo. Tundu lake huwa chini ya usukani. Andika misimbo yote kabla ya kufuta chochote. P0299 maana yake presha ya tabo iko chini ya iliyotakiwa. P0234 maana yake imezidi. P0087 ni presha ndogo ya mafuta kwenye reli, yaani bomba la pamoja linalogawa mafuta kwa silinda. P0101 inahusu sensa ya kupima hewa. P2002 na P2463 zinahusu kichujio cha masizi cha dizeli. P0300 hadi P0304 ni silinda zinazokosa kuwaka. Toyota nyingi za zamani zisizoelewana na mashine hizi huweza kusomwa kwa kuunganisha kitundu namba 4 na namba 13 ndani ya tundu hilo kwa kipande cha waya, ukaweka ufunguo na kuhesabu mipepeso ya taa ya injini. Hesabu vitundu mara mbili kabla ya kuunganisha, kwa sababu kitundu namba 16 kina umeme wa betri.

Kosa kubwa ninaloliona ni mtu kusoma P0299 na kwenda moja kwa moja kununua tabo. Msimbo huo unasema tu kwamba hewa haikutosha. Hauelezi kwa nini.

Anza na sensa ya presha ya hewa. Weka ufunguo bila kuwasha injini na usome. Kwa kuwa injini haizunguki, sensa inapaswa kuonyesha hewa ya mahali ulipo: karibu kPa 88 ukiwa Kampala, karibu 80 ukiwa Kabale. Ikionyesha 101 ukiwa Kampala, usifurahie kwamba ni "namba ya kitabu". Kitabu kiliandikwa kwa usawa wa bahari, na magari mengi huweka namba hiyo kama mbadala wakati sensa au waya wake umekufa. Fundi asiyezingatia mwinuko huu hulipitisha kosa hilo mchana kweupe.

Kisha fanya jaribio la barabarani, ukiwa na mwenzako wa kusoma namba, kwenye mlima usio na msongamano. Katika gia ya tatu, anzia mizunguko 1,500 na ukanyage mafuta hadi chini mpaka 3,500. Magari mengi ya barabarani huongeza kati ya kPa 50 na 120 juu ya hewa ya mahali, hivyo ukiwa Kampala tegemea kuona jumla kati ya 140 na 200 na ushee, kulingana na aina ya gari. Kama mashine yako inaonyesha presha inayotakiwa na presha halisi kwa pamoja, tofauti kati ya mistari hiyo miwili itakuelekeza. Halisi ikibaki chini tangu mwanzo, hewa inavuja au milango ya tabo, ile inayodhibiti moshi na ambayo nitaieleza hapa chini, haifungi. Halisi ikiruka juu ya inayotakiwa kisha nguvu ikakatika, milango imekwama upande wa kufunga. Zote mbili zikienda pamoja na gari bado ni dhaifu, achana na upande wa hewa na uende kwenye mafuta au ekzosi.

Njia ya hewa

Hapa ndipo nashauri utumie nusu ya muda wako wote. Magari yetu mengi hufika yakiwa yametumika Japani kwa miaka kadhaa, na ingawa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazuia kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, mpira wa miaka 10 uliokaa jirani na injini ya moto hauna tena ujana wowote.

Fungua kwanza sanduku la kichujio. Vumbi jekundu la barabara zisizo na lami hujaza kichujio kwa muda mfupi kuliko kitabu kinavyodhani, na kichujio kilicholowa mvua huziba zaidi kuliko kilichojaa vumbi. Ingiza mkono kwenye mdomo unaoleta hewa kutoka nje: nimetoa humo majani, kiota cha panya, na zaidi ya mara moja kaveera (mfuko wa plastiki) iliyofyonzwa kutoka barabarani. Hitilafu ya kaveera ni ya kipekee kwa sababu injini ikizimwa huanguka na kuachia njia, nawe ukifungua boneti hukuti kitu.

Baada ya hapo fuata mipira yote kwa mkono, kutoka kwenye kichujio hadi tabo, kutoka tabo hadi intakula, na kutoka intakula hadi injini. Jicho pekee halitoshi. Bonyeza kila mkunjo, pindua mpira uone upande wa chini, na utafute doa la oili lenye vumbi lililogandamana, kwa kuwa hewa ya tabo hubeba ukungu mdogo wa oili na huuacha mahali inapovujia. Mpira ulio kati ya kichujio na tabo una ugonjwa wake tofauti: haupasuki kwa presha, bali hulainika na kufyonzwa ukajibana injini inapotaka hewa nyingi. Ukiminywa kwa vidole ukabonyea kama sandarusi, ubadilishe.

Klipu zilegeze na uzikaze upya, moja baada ya nyingine. Intakula nyingi zina vichwa vya plastiki vilivyobanwa kwenye alumini, na ufa wake hufunguka tu presha inapopanda, kwa hiyo gari likiwa limesimama huonekana zima.

Ili kumaliza ubishi, jaza hewa kwenye mfumo huo injini ikiwa imezimwa. Ondoa mpira wa kichujio kwenye mdomo wa tabo, weka kizibo chenye nipeli ya tairi ambacho fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukutengenezea, ziba mpira wa kupumulia injini, kisha ingiza hewa taratibu kutoka kwenye kompresa ya fundi wa matairi. Bar 0.5 inatosha kuonyesha karibu kila uvujaji. Usipite bar 1, la sivyo utaumiza sili (vizuizi vya oili) za injini. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye viungo vyote na utazame mapovu. Sauti ya hewa inayopita ndani ya injini kupitia vali zilizo wazi ni ya kawaida, kwa hiyo isikutishe.

Sensa ya kupima hewa, iliyo karibu na kichujio, isafishwe kwa dawa yake ya kupuliza pekee. Petroli, kitambaa na kidole humaliza ule waya mwembamba uliomo ndani.

Milango ya tabo na vipira vyembamba

Tabo isiyo na kizuizi ingeendelea kuongeza presha hadi ivunje injini. Kwa hiyo nyingi za petroli zina mlango mdogo unaopitisha moshi wa ziada pembeni, na nyingi za dizeli za kisasa zina mabawa yanayogeuka ndani ya nyumba ya tabo ili kubana au kuachia moshi. Vyote viwili huendeshwa na kijiti kinachotoka kwenye kopo dogo la duara, au na mota ya umeme.

Katika dizeli yenye mabawa yanayoendeshwa na vakyumu (mvuto wa hewa), mtu awashe injini huku wewe ukitazama kijiti: kinapaswa kuvutwa mara injini inapowaka, na kurudi inapozimwa. Kisiposogea, chomoa kipira chembamba kinachoingia kwenye kopo na uweke kidole. Ukihisi mvuto, kopo limetoboka au mabawa yamekwama kwa masizi. Usipohisi, rudi nyuma kwenye vipira, vali ya umeme na pampu ya vakyumu. Vipira hivi vya milimita 3 au 4 hukauka na kupasuka nchani, na ncha iliyopasuka hukatwa kwa wembe na kurudishwa bila gharama yoyote. Sijui hitilafu nyingine ya gari inayofanana na ghali hivyo huku ikiwa rahisi kiasi hicho.

Katika petroli mambo huwa kinyume. Kijiti hukaa kimefunga, na presha ndiyo hukifungua. Jaribu kukisogeza kwa mkono injini ikiwa baridi: kinapaswa kupinga kama springi ngumu na kurudi chenyewe. Kikilegea, moshi unapita pembeni na tabo haipati wa kuizungusha. Subaru Legacy zenye tabo mbili zina wingi wa vipira vya vakyumu unaoweza kumtoa mtu jasho. Dalili yake ni gari lenye nguvu hadi mizunguko 4,000 hivi, kisha likalala wakati tabo ya pili ilipopaswa kuingia kazini. Humo chora ramani kabla ya kuchomoa hata kipira kimoja.

Mafuta

Dizeli isiyotoa moshi na isiyopanda mlima huanza kuchunguzwa kwenye kichujio cha mafuta. Legeza kizibo cha chini, mimina yaliyomo kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, na uiache itulie kwa dakika 10. Maji hukaa chini, dizeli juu. Ukiona mstari unaozitenga, usitosheke na kubadilisha kichujio. Tangi lote limwagwe na kusafishwa, hasa kama uliwahi kujaza kutoka kwenye jeriken kando ya barabara.

Kichujio kikiwa safi, tafuta hewa inayoingia kwenye njia ya kufyonzea. Weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu, na utazame mapovu injini ikifanya kazi. Injini za zamani zisizo na reli ya presha zina jaribio zuri zaidi: zilishe moja kwa moja kutoka kwenye jeriken safi iliyoinuliwa juu ya injini. Nguvu ikirudi, chanzo kiko nyuma, kati ya tangi na pampu, na wavu wa ndani ya tangi ndio wa kwanza kutiliwa shaka.

Kwa injini za reli ya presha, linganisha presha ya reli inayotakiwa na ile halisi wakati wa kupanda. Injini ikiwa imetulia huwa katika MPa 30 hadi 40 (MPa moja ni kPa 1,000), na ikibeba mzigo hupita MPa 100. Ikishindwa kufuata, shuku kichujio, kisha vali ya kudhibiti ufyonzaji iliyo kwenye pampu, ambayo huchakaa mapema kwa dizeli chafu, kisha nozeli (vipulizia mafuta kwenye silinda) zinazorudisha mafuta mengi kupita kiasi. Usilegeze paipu za reli injini ikifanya kazi. Dizeli kwenye presha hiyo hupenya ngozi, na jeraha lake ni la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Njia ya moshi

Injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine. Gari la dizeli lenye kichujio cha masizi, likiishi katika foleni za Kampala bila kupata safari ndefu, halipati joto la kuyachoma masizi hayo, nacho huziba. Kama hakijaziba kabisa, mwendo wa dakika 20 hadi 30 usiosimama kwenye barabara ya Kampala–Entebbe, mizunguko ikiwa juu ya 2,000, mara nyingi husaidia. Kikiwa kimeziba kabisa, kusafisha kwa mashine ndiyo njia iliyobaki. Vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, ikikwama wazi hutoa moshi mweusi na udhaifu unaofanana kabisa na mpira uliopasuka, kwa hiyo ifungue na uisafishe kabla ya kutoa hukumu.

Katika petroli kinachoziba ni masega ya kusafishia moshi (katalisti). Ondoa sensa ya oksijeni iliyo kati yake na injini na uendeshe umbali mfupi: kelele itakuwa kubwa, lakini nguvu ikirudi umepata jibu.

Sasa, tabo yenyewe

Ukifika hapa bila kupata chanzo, fungua mdomo wa tabo injini ikiwa baridi. Tazama mabawa kwa tochi. Kingo zilizolika au kupinda zinatokana na mchanga au kitu kilichopita kwenye kichujio. Shika mhimili kwa vidole viwili. Kutikisika kidogo kwenda pembeni ni kawaida, kwa sababu mhimili umetengenezwa uelee kwenye oili. Kusogea mbele na nyuma kunakohisika wazi si kawaida, na mabawa kugusa ukuta ni hukumu ya mwisho. Utando mwembamba wa oili ndani ya mpira usikutishe. Dimbwi ndilo la kutisha.

Tabo iliyokufa iulizwe kilichoiua, vinginevyo itakayofuata itakufa vilevile. Mara nyingi ni oili: iliyokaa muda mrefu, isiyo ya daraja lake, au iliyozuiwa njiani. Baadhi ya Subaru zenye tabo zina wavu mdogo ndani ya bolti inayoleta oili kwenye tabo, nao ukiziba kwa matope ya oili, tabo mpya haitamaliza safari nyingi. Angalia pia paipu ya kurudisha oili, kwani ikiziba oili hulazimika kutokea kwenye sili.

Anayekwenda Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kutafuta tabo iliyotumika achukue ile ya zamani mkononi, alinganishe namba zilizoandikwa kwenye kibao chake, na afanye jaribio la mhimili kabla ya kutoa fedha. Wakati wa kufunga, badilisha oili na kichujio chake, weka bomba jipya la kuletea oili, na utoe oili na vipande vyote vya chuma vilivyobaki ndani ya intakula. Usipake gundi ya silikoni kwenye viungo vya oili, kwa kuwa kipande chake kimoja cha ukubwa wa ukucha kinaweza kuziba njia. Mimina oili safi kwenye tundu la tabo, zungusha mhimili kwa mkono, kisha uzungushe injini kwa stata kwa sekunde 10 hivi, mafuta yakiwa yamekatwa, ili oili ifike kabla ya moto. Ikishawaka, iache itulie kwa dakika chache bila kuipigisha kelele.

Baada ya kilomita 100 hivi, injini ikiwa imepoa, pitisha tena bisibisi kwenye kila klipu uliyoifungua, maana mpira mpya hulegea kidogo unapopata joto kwa mara ya kwanza. Kisha urudi kwenye mlima uleule uliokushinda, mwenzako akiwa ameshika simu na kusoma kPa kwa sauti, na uandike namba utakazopata mahali utakapoziona siku nyingine gari litakapojikokota.